Ringi Iliyopinda Isisimamishe Huduma

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika kikao cha kamati za sharika za Kibondo na Kasulu



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia usafiri wa watumishi wetu wa kujitolea. Najua wengi mnatarajia niombe baiskeli mpya. Ombi langu la leo ni dogo kuliko hilo, nalo linahusu gurudumu moja lililopinda.

Kwa wenyeji wa Kibondo na Kasulu sina haja ya kueleza kazi ya baiskeli. Inapeleka muhogo, maharage na ndizi sokoni, inabeba madumu ya mawese, na mgonjwa akizidiwa hukalishwa kwenye keria na kusukumwa hadi zahanati. Kwenye vilima vyetu kupanda ni kusukuma na kushuka ni kuachia, na ajali nyingi ndogo hutokea wakati wa kushuka.

Mwaka jana mtumishi wetu mmoja anayetembelea wagonjwa majumbani alikuwa akishuka mteremko upande wa Kasulu. Mwendesha baiskeli mwingine aliyebeba mikungu ya ndizi akakata kona mbele yake, wakagongana. Hakuna aliyeumia zaidi ya michubuko. Walipeana pole, wakasema yaishe, kila mtu akashika njia yake. Mtumishi wetu alipopanda tena ndipo alipoona gurudumu la mbele linayumba na kukwaruza breki.

Alitoa taarifa usharikani siku hiyo hiyo, na usharika ukatuandikia barua. Mimi, kwa kufuata utaratibu, nilijibu kwamba kila kipuri kinahitaji bei za maduka matatu na idhini ya ofisi. Barua zikaenda na kurudi, na baiskeli ikaegemezwa ukutani wiki tisa. Mtumishi aliendelea kuwafikia kwa miguu wagonjwa wa karibu, lakini wa mbali hakuweza. Mmoja wao, mama aliyekuwa kwenye dawa za kifua kikuu, alikatisha dawa kwa sababu zilimsumbua na hapakuwa na mtu wa kumtia moyo. Tunamshukuru Mungu kwamba amerudi kwenye matibabu. Lakini sote tunajua hatari ya kuacha dawa hizo katikati: ugonjwa hurudi, na vijidudu huweza kuwa sugu. Kosa hilo silitupi kwa usharika wala kwa mtumishi. Ni langu.

Hatimaye nilikwenda mwenyewe na kuipeleka baiskeli kwa fundi wa pale kijijini. Alibadilisha spoki tatu na kuinyoosha ringi kwa muda usiofika saa moja. Ringi mpya haikuhitajika. Nilimwomba anifundishe, nami nawaletea aliyonionyesha.

Mambo ya kutazama baada ya kugongana

Kabla ya kusema yaishe, inua gurudumu na ulizungushe. Tazama kama ringi inakwenda upande, kama imebonyea, na kama kuna spoki iliyokatika au kulegea. Kisha tazama foki, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Rangi ikiwa imekunjamana au kupasuka karibu na shingo, chuma kimepata mkazo, na baiskeli isipandwe mpaka fundi aione. Kama kuna hasara, mpatane hapo hapo mbele ya shahidi.

Wakati wa kunyoosha

Spoki hufanya kazi kama kamba za hema. Nusu zinavuta ringi kulia na nusu zinavuta kushoto, na zikivuta sawasawa ringi hunyooka. Ringi ikiwa imekwenda kushoto, fundi hulegeza kidogo spoki za upande wa kushoto mahali pale na kukaza za kulia, nusu mzunguko au chini ya hapo, kisha anazungusha tena na kutazama. Akikaza kwa pupa anaharibu mahali pengine. Kama kupinda ni kukubwa, hulegeza spoki kwanza na kuikandamiza ringi kwa mikono hadi ikaribie kunyooka, ndipo akaze. Tairi na tyubu vitolewe mapema, maana ncha ya spoki ikitokeza hutoboa tyubu.

Wakati wa kubadilisha

Ringi ibadilishwe ikiwa imepasuka, ikiwa matundu ya spoki yamechanika, au ikiwa imekunjika kiasi kwamba spoki zikilegezwa zote bado hairudi. Hata hapo, si lazima kununua gurudumu zima. Habu ikiwa nzima na gololi zake zinazunguka vizuri, hufungwa ringi mpya kwenye habu ile ile. Jambo la kuangalia ni ukubwa na idadi ya matundu. Baiskeli zetu nyingi za inchi 28 zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, lakini mwenye kutumwa dukani ahesabu kwanza.

Mapendekezo

Kwanza, kila usharika uwe na mfuko mdogo wa matengenezo, wenye kiwango ambacho mwenyekiti na mtunza hazina wanaweza kuidhinisha bila kusubiri ofisi yetu.

Pili, kamati ichague fundi mapema, na iweke akiba ya spoki za saizi ya baiskeli zake.

Tatu, baiskeli ikiharibika ifike kwa fundi ndani ya siku mbili.

Nne, kwa kuwa fundi wa chini ya mti hana stakabadhi ya mashine, liwepo daftari litakalosainiwa na fundi, mtumishi na mtunza hazina, na kipuri kibovu kirudishwe usharikani kionekane.

Ndugu wafadhili, taarifa zetu zimekuwa zikiwaonyesha idadi ya baiskeli zilizotolewa. Kuanzia robo hii zitaonyesha pia ni ngapi zinatembea, na kila iliyolala imelala siku ngapi. Huenda takwimu hizo zisitupendeze. Ombi letu ni kwamba sehemu ya fedha mlizotenga kwa baiskeli mpya iingie kwenye mifuko ya matengenezo ya sharika.

Kwa kamati zetu, nawasihi mwende nyumbani mkazihesabu zile zilizoegemezwa ukutani. Kila moja ina mtumishi anayekwenda kwa miguu, na mgonjwa wa mbali anayesubiri.