Mali Bila Daftari

Hotuba ya wakili mmoja katika mkutano wa wanaharakati na waumini



Nimeombwa niseme juu ya uwazi katika mambo ya umma. Huenda mlitarajia wakili aje kuisuta serikali, na kwa hakika sababu hatukosi. Lakini leo naomba radhi mapema, kwa kuwa maneno yangu yanatuelekea sisi wenyewe: mashirika yetu, makanisa yetu na vikundi vyetu vya kutetea haki.

Miaka kadhaa iliyopita, akina mama wa kikundi kimoja cha mashambani walinijia ofisini na kijitabu mkononi. Kilikuwa ripoti ya mwaka ya shirika lililofanya kazi kwao, na picha yao ilipamba jalada. Kiliandikwa kwa Kiingereza. Kijana mmoja alipowasomea, walisikia kwamba matangi sita ya maji yalinunuliwa kwa jina lao. Wao walikuwa wamepokea mawili. Nilipoomba hesabu, mkurugenzi alinijibu kwamba hesabu ni za wafadhili. Ilichukua miezi minne ukweli kujulikana: matangi manne yalipelekwa katika shule mbili za kata ya jirani, na risiti zote zilikuwapo. Hakuna aliyeiba hata senti moja. Lakini kufikia hapo kikundi kilikuwa kimevunjika, mwenyekiti wake amekwisha kuitwa mwizi mbele ya watoto wake, na wako wasiosalimiana hadi leo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimeshuhudia kwamba hata mali isiyopotea, ikikosa kutangazwa, hupoteza watu. Siri humlinda mwizi na humwangamiza mwaminifu.

Ndugu zangu, tukumbuke tulidai nini. Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa Desemba 1991, shabaha haikuwa kuongeza idadi ya vyama tu. Shabaha ilikuwa kwamba asiwepo mtu mwenye mamlaka asiyeweza kuulizwa. Leo Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 10, inautaja uwazi na uwajibikaji miongoni mwa maadili ya taifa, na Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari. Vifungu hivyo twavitaja kwa sauti kubwa mbele ya wizara. Je, mshiriki wa kawaida akivitaja mbele yetu, twamjibuje? Rais Moi alitawala miaka 24, tangu 1978 hadi 2002, nasi tukasema imezidi. Ni wangapi miongoni mwetu walio waanzilishi, wakurugenzi na watia sahihi wa hundi tangu siku shirika lilipozaliwa, na ndugu zao ndio wanaoketi katika bodi?

Wako watakaosema: Wakili, ukilifungua daftari unamkabidhi adui rungu. Hofu hiyo si ya bure. Sheria ya kuratibu mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 1990 ilitungwa chini ya chama kimoja, na ilidumu miaka mingi baada ya chama hicho kuondoka madarakani. Agosti 2017, siku chache baada ya uchaguzi mkuu, bodi iliyoundwa na sheria hiyo ilitangaza kuifutia usajili Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, na miongoni mwa tuhuma zilizotajwa yalikuwamo mambo ya akaunti za benki na kodi. Sheria mpya ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, ya mwaka 2013, ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024 tu. Hata hivyo, sheria nzuri haimwondolei mtawala tamaa ya kunyamazisha. Ngao yetu ni ipi basi? Ni watu. Muumini aliyekwisha kusoma hesabu zetu mlangoni mwa kanisa hatababaishwa na tangazo la ofisa. Asiyewahi kuziona hana la kututetea.

Sasa nije kwenye jambo linalotufanya tuinamishe macho: mishahara. Niliwahi kuketi katika bodi moja, nikauliza mkurugenzi analipwa kiasi gani. Niliambiwa kwamba swali hilo si la adabu. Nami nikanyamaza, kwa kuwa bahasha ya posho ya kikao ilikuwa mfukoni mwangu. Nalikiri jambo hili mbele yenu kwa aibu.

Huko Marekani, mashirika mengi yasiyotozwa kodi, ijapokuwa si makanisa, hulazimika kujaza kila mwaka fomu iitwayo 990, inayotaja viongozi na malipo yao, na mtu yeyote aweza kuisoma. Kwa hiyo raia wa huko aweza kujua mshahara wa anayekusanya fedha kwa jina la mama wa Kenya, hali mama mwenyewe hajui hata wa ofisa anayemtembelea. Sisemi watumishi wafe njaa. Kazi ngumu ina haki ya ujira mwema. Nasema tu kwamba mshahara usioweza kutajwa mbele ya wale unaolipwa kwa ajili yao una kasoro, ama katika kiasi chake ama katika dhamiri ya mpokeaji.

Waumini wenzangu, jambo hili si geni kwetu. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane waliposahauliwa katika mgawo wa kila siku, mitume hawakuwaita wachochezi. Waliita mkutano, na watu wenyewe wakachagua saba wa kusimamia.

Basi napendekeza mambo manne. Kwanza, hesabu za mwaka zibandikwe mahali pa wazi, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali, na zisomwe kwa sauti. Pili, majina ya wanabodi, muda wao na udugu wao na watumishi yatangazwe. Tatu, mshahara wa mkurugenzi na posho za bodi zitajwe kwa shilingi. Nne, anayetia sahihi hundi asiwe ndiye anayemchagua mkaguzi.

Mwaka 1992, akina mama waliodai wafungwa wa kisiasa waachiliwe walipigwa katika Bustani ya Uhuru, wakapata hifadhi katika Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi. Walikimbilia huko kwa sababu waliliamini. Imani ya namna hiyo hailetwi na mfadhili, na ikitutoka hakuna hundi itakayoirudisha. Tuanze Jumapili hii, kwa karatasi moja na gundi kidogo.