Msindikizaji Wako Yuko Wapi?

(Haya niliyasema kwenye kikao cha vijana wa chama hapa Tabora mjini. Wengi mmeomba maandishi, basi nimeyaweka karibu kama yalivyotoka mdomoni.)



Kwenye ratiba nimeandikiwa nizungumzie "vijana wenye ulemavu na mageuzi ya nchi". Kwa dakika kumi na tano! Mada hiyo siiwezi. Naomba nizungumzie tiketi moja tu ya basi.

Mwaka jana nilitakiwa kwenda Kigoma kwa fildi. Mnaonifahamu mnajua macho yangu yalivyo: mchana naona mwanga na vivuli vya watu, jua likizama ni giza tupu. Fimbo nyeupe natembea nayo tangu darasa la tano. Nikafika stendi alfajiri, begi mgongoni, nauli mkononi nimeshaihesabu. Mkata tiketi akaniuliza, "Uko na nani, dada?" Nikamwambia niko peke yangu.

"Msindikizaji wako yuko wapi?"

Sina, nikamwambia, nina fimbo. Akacheka kidogo, na niseme ukweli, hakucheka kwa ubaya. "Mdogo wangu, sisi dhamana hiyo hatuibebi. Kata tiketi mbili uje na mtu, au kaa hapo tukutafutie abiria mwema anayekwenda huko, tumkabidhi."

Tiketi mbili! Kwa hiyo kutoona kwangu kuna nauli yake. Na huyo msindikizaji akishanifikisha Kigoma, Tabora anarudije? Hiyo nauli ya tatu. Mimi naishi kwa bumu kama nyie. Halafu hilo la kukabidhiwa: binti wa miaka ishirini na kitu anakabidhiwa kwa mwanamume asiyemjua, safari ya kutwa nzima, kwa sababu eti wanamlinda.

Wakati tunaongea kulikuwa na mtu anapakia tenga la kuku. Kuku wale walisafiri bila msindikizaji. Mimi nilibaki.

Mnacheka, na mimi leo nacheka, ila siku ile nilinyamaza. Mwanafunzi wa sheria, vifungu navijua, nimesimama stendi na fimbo yangu nasema "sawa kaka". Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Nilikwenda kwa treni siku chache baadaye. Mama alikuwa hataki. "Mwanangu, ukipotea nitawaambia nini watu?" Nikamwambia, mama, reli haina kona ya kupotelea. Mle ndani ya behewa ndiko nilikoelewa kitu ninachotaka kuwaambia leo. Sikuwa peke yangu kabisa, na wala sikutaka. Mama mmoja mwenye mtoto aliniambia choo kiko upande gani. Kijana mmoja aliniuliza, "Nikushike au unishike?", swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa safarini, kwa sababu nikimshika mimi kiwiko namfuata kwa hatua zangu, akinishika yeye ananiburuta. Stesheni nilizijua kwa masikio na pua: Urambo, Kaliua ambako njia ya Mpanda inachepuka, Nguruka na harufu ya samaki, Uvinza wanauza chumvi. Nikishuku, nauliza. Kuuliza si kushindwa. Tofauti na stendi ni moja tu: huku niliomba msaada nilioutaka mimi, pale walinipangia wao na kuufanya sharti la kupanda.

Sasa twende nyuma kidogo, maana sisi wa Tabora tunaipenda hii habari ya njia ya misafara. Kila mgeni anapelekwa Kwihara kwenye tembe la Livingstone. Lakini kuna msafiri mmoja wa njia hiyo hiyo hatumsemi kwa upande ninaoutaka mimi. Novemba 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Kazeh, ndiyo Tabora yetu hii. Wakaendelea magharibi, na Februari 1858 wakalifikia Ziwa Tanganyika. Burton kwa ugonjwa hawezi kutembea, anabebwa. Speke macho yameharibika kwa maradhi. Ziwa alilotoka Ulaya kulitafuta liko mbele yake, na yeye halioni sawasawa.

Je, kuna aliyemwambia Speke abaki Kazeh mpaka apone? Akate tiketi mbili? Alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, alikuwa na wapagazi, akaenda. Mwaka huo huo akatoka tena hapa Kazeh kwenda kaskazini, akafika Nyanza, na vitabu vya shule vikamwita mvumbuzi. Mzungu asiyeona anaitwa mvumbuzi, binti wa Isevya asiyeona anaitwa dhamana.

Sitaki kuisifu njia ile. Imepitisha minyororo, watu wametembezwa wakiwa mali. Ninachokitazama ni namna msafara ulivyokwenda. Mbele yuko kirangozi, kuna ngoma, baragumu, nyimbo za wapagazi wa Kinyamwezi. Mtu wa mwisho, na mzigo kichwani ndani ya miombo na vumbi, mbele haoni kitu. Anafuata sauti. Njia nzima kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilisafiriwa na watu ambao nusu ya muda walikuwa wanasikiliza tu.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba usafiri wa wasioona ni mambo ya Ulaya yenye gharama, namshangaa. Konda anayepiga kelele "Ipuli, Ipuli, Ipuli!" ananisaidia kuliko kibao chochote. Wengine wanaona kelele, mimi naona huduma. Shida inaanza pale usafiri unapokuwa wa kisasa halafu ukawa bubu: kituo kinaandikwa kwenye skrini, namba ya kiti kwenye simu, mlango wa kupandia kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Reli mpya ya SGR inajengwa kuja kwetu. Tangu 2024 inabeba abiria Dar mpaka Dodoma. Stesheni ya Tabora itakapoanza kazi, sauti ya kutangaza vituo na alama za kukanyagwa kwa mguu pembezoni mwa jukwaa ziwepo siku ya kwanza. Ukishamwaga zege, kila kitu kinaitwa gharama.

Nije kwenye sheria, msilale.

Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia haki ya kwenda kokote ndani ya Jamhuri ya Muungano. Vizuri. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi na inataja misingi yake: kabila, dini, rangi, jinsia, maoni ya kisiasa, hali ya maisha na kadhalika. Tafuta neno ulemavu kwenye orodha hiyo, halimo. Itabidi wakili wangu ahangaike kulibana ndani ya "hali ya maisha". Ulemavu umetajwa kwenye ibara ya 11, pamoja na uzee na maradhi, kwamba tupate msaada kutoka kwa jamii. Msaada! Na ibara hiyo iko kwenye sehemu ambayo ibara ya 7 inasema haitekelezeki mahakamani. Yaani Katiba ya 1977 inanijua kama mtu wa kusaidiwa, na huo msaada wenyewe siwezi kuudai kwa jaji. Yule mkata tiketi hajaisoma Katiba, lakini anaongea kama yeye ndiye aliyeiandika.

Mtasema tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Tunayo, inakataza ubaguzi na inataka huduma za umma zifikike. Tumeridhia pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa, tangu 2009, na ibara yake ya 20 inasema mtu mwenye ulemavu asafiri kwa namna na wakati anaoutaka mwenyewe, kwa gharama anayoimudu. Hata hivyo sheria ya Bunge hubadilishwa na Bunge, na mkataba peke yake hauna nguvu ya sheria mahakamani kwetu. Majirani zetu Kenya walimaliza ubishi mwaka 2010. Ibara ya 54 ya katiba yao inataja waziwazi haki ya kufika mahali popote na kutumia usafiri wa umma. Hapa kwetu haki za watu wenye ulemavu ziliandikwa kwenye mchakato wa 2014. Upinzani ulitoka kwenye Bunge lile Aprili, na kwa maoni yangu ulikuwa na sababu, lakini kura ya maoni haikufanyika mpaka leo na ibara yetu imelala kabatini pamoja na nyingine zote. Mkidai Katiba Mpya mnawaza tume ya uchaguzi na madaraka ya rais. Wazeni na stendi.

Na kabla hatujainyooshea serikali kidole, chama chetu. Tangazo la kikao hiki mlilituma kwenye grupu la WhatsApp kama picha. Simu yangu inanisomea maandishi, picha haiisomi. Ilitamka "picha", basi. Nilijua mahali na saa kwa kumpigia mtu. Andikeni maneno mawili chini ya picha, ni sekunde kumi.

La mwisho. Jumamosi narudi Kigoma kumalizia kazi yangu. Naanzia stendi ile ile, ofisi ile ile, saa kumi na moja alfajiri, na nauli ya mtu mmoja. Safari hii sinyamazi. Nahitaji watu wawili. Kunisindikiza sihitaji, wabaki hapa hapa Tabora. Nataka wasimame kando, wasikie nitakachojibiwa, waandike neno kwa neno na saa, maana nikifungua malalamiko nitahitaji mashahidi. Mwenye nafasi anifuate wakati wa chai. Niko upande wa dirisha, penye mwanga.