Laita ya Kibandani

Mwendesha bodaboda wa Entarara, Kaunti ya Kajiado, aliyeacha sigara anaweza kumaliza asubuhi nzima bila kuiwaza. Kisha anasimama kibandani kununua maandazi, anaiona laita imefungwa kwa kamba dirishani, na hamu inamvaa.

Wenzake stejini watasema hana msimamo. Wanamwonea. Nikotini hufika ubongoni sekunde chache tu baada ya kuvuta, dopamini, kemikali inayohusika na raha, ikamwagika, na ubongo ukaihusisha raha hiyo na kila kilichokuwepo: harufu, kikombe cha chai, rafiki anayewasha. Vipimo vya MRI vimeonyesha kwamba mvutaji akitazama picha tu ya sigara, sehemu za ubongo zinazohusika na raha na umakini huchangamka. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliripoti katika jarida la Science kwamba baadhi ya wavutaji walioumia sehemu ya ubongo iitwayo insula waliacha mara moja, hata hamu ikawatoka. Tiba ya namna hiyo, bila shaka, hakuna anayeiombea.

Mwaka huohuo Kenya ilitunga Sheria ya Kudhibiti Tumbaku, ikapiga marufuku matangazo ya tumbaku na uuzaji wa pakiti zenye sigara chini ya 10. Tangu 2016 pakiti hubeba picha za kutisha. Lakini anayeuziwa sigara moja moja kibandani haioni pakiti wala picha, anaiona laita. Kaunti ya Kajiado inapokagua vibanda, ingeanzia hapo dirishani.