Dini na Serikali: Mahali pa Kadhi Katika Sheria ya Nchi

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, enyi ndugu Waislamu, watu wengi huuliza: Je, dini ina sehemu gani katika serikali na sheria? Baadhi yao husema dini ikae msikitini na kanisani, isivuke kizingiti. Wengine hutaka dini ishike kila jambo la nchi. Baina ya kauli hizo mbili iko njia ya kati, na njia hiyo huonekana katika jambo la ukadhi.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 7, yasema kuwa nchi haitakuwa na dini ya serikali. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 129, yaliruhusu Bunge kuunda mahakama za makadhi kwa ajili ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi. Lakini hata ilipotimia miaka 25, Bunge lilikuwa halijatunga sheria ya kuziunda.

Wako waliohofu kwamba kadhi akipewa kiti, wasio Waislamu watalazimishwa hukumu isiyo yao. Hofu hiyo yaondolewa na mfano wa Kenya. Huko mwambao makadhi walikuwako tangu kabla ya utawala wa Mwingereza. Mwaka 1963, uhuru ulipokaribia, Bwana Jomo Kenyatta na Bwana Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walipatana kwa barua kuwa ukadhi utahifadhiwa. Katiba ya mwaka 2010, iliyopitishwa kwa kura ya wananchi, iliuthibitisha tena katika kifungu cha 170. Kadhi huyo hamhukumu mwizi wala muuaji. Kazi yake ni hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na sharti wahusika wote wawe Waislamu na waikubali mahakama yake. Basi amelazimishwa nani?

Pasipokuwa na kadhi mwenye mamlaka, anayeumia kwanza ni mjane. Sheria ya Mwenyezi Mungu imempa thumni ikiwa mume ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Lakini mara nyingi, hitima haijapoa, ndugu za marehemu huja wakachukua funguo za nyumba na hati ya shamba, wakisema ndiyo mila. Mama yule huenda kwa sheikh wa mtaa wake. Sheikh humpa haki yake kwa maneno, lakini hana muhuri wa serikali wala askari wa kuitekeleza. Mama hurudi na hukumu iliyo sawa, akakuta mlango umetiwa kufuli jipya.

Hata hivyo, ndugu, si haki kuilaumu serikali peke yake. Kadhi asiye na elimu, au apokeaye rushwa, huiharibu dini kuliko adui yake. Tena wako watu wapazao sauti mikutanoni kutaka ukadhi, na hali majumbani mwao wamekalia fungu la dada zao. Watu hao hawana haja ya kungoja Bunge. Fungu lile walirudishe leo, kabla jua halijatua, maana hukumu yake ilikwisha kutolewa zamani na Hakimu asiyekatiwa rufani.

Basi dini haikuja kunyang'anya serikali kiti chake. Imekuja kumkumbusha kila akaaye kitini, awe mfalme, waziri, kadhi au baba wa nyumba, kuwa uamuzi ni amana, na amana itaulizwa.

Mwenyezi Mungu awajaalie viongozi uadilifu, makadhi elimu na ucha Mungu, na wajane na mayatima haki zao. Amin.

Wabillahi taufiq.