Harry Thuku na Utiifu kwa Mfalme



Nimeombwa niseme juu ya utiifu kwa serikali wakati wa vita, nami nimeona afadhali niseme juu ya mtu mmoja. Kila aliyepita Barabara ya Harry Thuku, kati ya Hoteli ya Norfolk na Chuo Kikuu, amepita penye jina lake. Thuku wa 1922 tunamsifu. Yule wa 1952 hatumtaji, na hali ni mtu yule yule.

Alizaliwa Kambui mwaka 1895, akalelewa na wamisionari, akawa karani wa simu katika Hazina ya serikali hapa Nairobi. Mwaka 1921 walowezi walipoazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja, machifu wa Kikuyu Association walikutana na maofisa huko Dagoretti, mwezi wa Juni. Thuku hakungoja wakubwa wamsemee. Alipeleka telegramu London. Machifu, mzee Koinange akiwa miongoni mwa viongozi wao, wakamkana. Akakamatwa 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ukakusanyika penye kituo cha polisi kudai aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwasuta wanaume kwa woga wao, na bunduki zikalia. Serikali ilihesabu maiti 21. Walioshuhudia walihesabu zaidi. Thuku akapelekwa Kismayu kwa amri ya gavana, pasipo shtaka wala hakimu. Alikaa uhamishoni karibu miaka tisa.

Aliporudi aliongoza Kikuyu Central Association kwa muda, wakagombana, na mwaka 1935 akaanzisha chama kingine ambacho wanachama wake waliahidi utiifu kwa Mfalme wa Uingereza. Wako wanaosema alinunuliwa. Mimi ni wakili. Mtu akidai hongo humwomba ushahidi, na huu sijauona. Naona mkulima wa kahawa aliyesadiki kwamba barua na subira zingerudisha ardhi. Nadhani alikosea, lakini mtu aweza kukosea kwa fedha yake mwenyewe.

Kisha vita vikaja, na vilikuwa vya wenyewe kwa wenyewe kama vilivyokuwa vya mkoloni. Tarehe 7 Oktoba 1952 Chifu Waruhiu, mtiifu na mtu wa kanisa, alipigwa risasi barabarani huko Gachie, pembezoni tu mwa jiji hili. Gavana Baring akatangaza hali ya hatari tarehe 20. Desemba Thuku alilaani Mau Mau katika redio. Machi 1953, kule Lari, Wakikuyu waliwachoma Wakikuyu usiku, na wengine wakaua kwa kulipiza. Waliokataa kiapo kwa ajili ya imani waliuawa. Waliokula kiapo walinyongwa, zaidi ya elfu moja. Kila familia iliyo katika ukumbi huu, toka Kangemi hadi Kikuyu, yaweza kuwa na jina upande huu na jina upande ule.

Na mzee Koinange, yule chifu? Alishtakiwa kwa mauaji ya Waruhiu. Mahakama ikamwachilia. Serikali ikamweka kizuizini vivyo hivyo, akabaki mikononi mwake hata karibu na kufa kwake, 1960. Mtiifu wa 1922 akawa mfungwa wa 1952, na mfungwa wa 1922 akawa mtiifu. Nyoyo zao zilipishana njiani. Kalamu ya gavana haikusogea. Kalamu hiyo tuliirithi: sheria ya usalama ya 1966 iliihifadhi, na Julai 1990 Matiba na Rubia waliwekwa ndani kwayo.

Nimeulizwa kama jina la Thuku libaki barabarani. Mimi nasema libaki, ila watoto waambiwe habari zote mbili, na pia waambiwe Nyanjiru alianguka wapi. Kitabu cha maisha yake, alichoandika akisaidiwa na Kenneth King, kilitoka 1970, mwaka aliofariki. Aliye nacho amwazime jirani.