Katoni na Gulio: Maneno ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi



Habari za hisa na mgao mtazisikia kwa mweka hazina. Sisi tunataka kusema hili jambo la katoni, maana ndilo linalotugawa, na leo hii tutalipigia kura. Je, fedha za mfuko zinunue pikipiki ya kupeleka mboga majumbani Kibondo mjini, au tuendelee kuuza gulioni?

Kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena mwaka 2015, watumishi wengi wa mashirika walikuja kupanga Kibondo. Wana simu, hawana nafasi ya kuzunguka sokoni. Ndipo ikaanza hii ya kuagiza: lengalenga, sombe iliyokwisha kutwangwa, nyanya, maharage mabichi, ndizi, vyote katika katoni moja. Hela inaingia kwenye simu. Saa nne asubuhi mama yuko nyumbani, ameshauza! Kwa mwenye mtoto mchanga hilo si dogo.

Lakini katoni ina macho makali. Inataka nyanya zilizolingana. Zile ndogo na zilizopasuka zinabaki kwetu, wakati gulioni mama lishe wanazigombania. Halafu bei. Ya katoni tunapatana mwanzo wa mwezi. Nyanya zikiadimika, gulioni bei inapanda, ya katoni imekaa palepale. (Zikijaa, hapo katoni inatuokoa, tuseme ukweli.) Na mvua zikikolea, barabara ikawa tope, mzigo unafika umepondeka, mteja anakataa kulipa, na mwenye pikipiki anadai nauli yake yote.

Gulioni mnunuzi anashika, anabonyeza, anaomba nyongeza, tunataniana. Na bibi zetu wasio na simu wanapanga mafungu yao chini na wanauza bila kungoja kuagizwa na mtu. Kwenye orodha ya katoni hawamo. Nao ndio waliotoa hisa za kwanza za kikundi hiki.

Bibi shamba ametusimulia ya Japani. Kule, miaka ya 1970, kina mama wa mijini walioogopa dawa za mashambani walipatana na wakulima wawaletee mazao moja kwa moja. Utaratibu huo unaitwa teikei. Kilichotuvutia ni kwamba walaji walikubali kupokea kile shamba lilichotoa, vikubwa kwa vidogo, kingi au kichache. Hasara haikuwa ya mkulima peke yake. Mteja wa namna hiyo hata sisi tunamtaka.

Basi kamati inapendekeza hivi: pikipiki tusinunue. Sanduku lina funguo tatu kwa sababu ni la mikopo ya mbegu, sare za shule na matibabu. Fedha zikikaa kwenye chuma kinachotaka petroli na matairi, mwenye mgonjwa atakopa wapi? Katoni ziendelee, mteja alipe nusu kwanza, na kila katoni iwe na fungu moja la mama asiye na simu.

Anayepinga asimame apinge hapa, asiende kunong'ona kisimani. Kura ni baada ya chakula, na wenye funguo wasiondoke.