Injini Mpya, Kadi ya Zamani

(Niliyozungumza na vijana wa tawi letu, Kyela mjini)

Makamanda, leo siongelei katiba. Naongelea GX100 ya kaka yangu.

Aliuza mpunga wa msimu mzima, akang'oa 1G ya lita 2, akafunga 1JZ ya lita 2.5 na kontroli boksi la kuprogramu. Injini ilikaa kwa siku mbili. Waya zikala wiki tatu! Gari linawaka, ukikanyaga mafuta linakohoa, linazima. Fundi anasema boksi bovu, lete lingine. Jamani, mpunga si umeshaisha?

Fundi mwingine, wa Kasumulu, alikuja na mita tu. Akakuta waya wa hasi wa sensa umefungwa kwenye bodi ya gari badala ya kurudi kwenye boksi. Sensa zile zinatumia volti 5. Hasi ikiyumba kidogo, boksi linasoma uongo na linapeleka mafuta kwa uongo huohuo. Waya wa sensa ya krenki nao ulilala pamoja na waya za koili, bila kinga. Akazitenganisha, hasi kuu akaifunga kwenye bloku ya injini. Boksi lilikuwa zima kabisa.

Sasa mimi wa sheria naingia hapa. Kadi ya gari ina namba ya injini. Umebadilisha injini, TRA hawajui, trafiki akifungua boneti utamwambia nini? Tunza risiti, peleka taarifa, kadi ibadilishwe. Na fundi andikishaneni kabla: kazi gani, bei gani, akiharibu nani analipa. Kaka hakuandika. Ile hela ya kwanza tunaidai mpaka leo.